Kompyuta Haijafa, Inasubiri Diski

Katika ofisi nyingi, shule nyingi na steshenari nyingi za mitaani kuna kompyuta za mezani zilizokwisha kuhukumiwa. Zinaitwa mbovu, zinafunikwa kitambaa, kisha zinasogezwa stoo zikingoja mnada wa mali chakavu. Ukiuliza kosa lake, unajibiwa neno moja: nzito. Mwenye meza huiwasha saa mbili asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi akaikuta bado inajiandaa. Nasema bila kusita kwamba nyingi kati ya mashine hizo ni nzima. Prosesa ni nzima, ramu ni nzima, pawa saplai ni nzima. Kinachozikwamisha ni kifaa kimoja, diski ngumu, na dawa yake ni kuongeza SSD ndogo ya kuwashia kompyuta, huku diski ya zamani ikibaki humo humo kutunza mafaili. Kazi hiyo inahitaji bisibisi, waya mmoja na saa chache za mtu makini.

Naandika haya kwa sababu msukumo wa kutupa mashine umekuwa mkubwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo, zile Dell OptiPlex na HP Compaq zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba kabla ya kushushwa Mombasa na Dar es Salaam, ni za miaka ya nyuma ya hapo. Wauzaji wanalijua hilo na wanalitumia. Mkuu wa shule anaambiwa maabara yake nzima imepitwa na wakati, na kwa kuwa kweli kompyuta zake ni nzito, anaamini. Suala la usalama wa Windows ni la haki na nitalifikia. Lakini uzito wa kompyuta ni jambo moja, na umri wa Windows ni jambo lingine. Anayeyachanganya anamuuzia mwenzake mashine asiyoihitaji.

Tuanze na uzito wenyewe, unatoka wapi.

Diski ngumu ni mashine ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani zilizopakwa utando wa sumaku, na mkono wenye kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani bila kuigusa. Ya kwanza ilitoka IBM mwaka 1956, pamoja na kompyuta iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na yote kwa pamoja ilibeba takriban herufi milioni 5. Tangu siku hizo umbo limepungua mno na ujazo umeongezeka mno, lakini kanuni haijabadilika. Ili kitu kisomwe, mkono lazima usogee hadi kwenye njia yake, kisha ungoje sahani izunguke mpaka kitu hicho kifike chini ya kichwa. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na kidogo, kwa hiyo kwa wastani kichwa kinangoja milisekunde 4 hivi, juu ya milisekunde kama 9 ambazo mkono umeshazitumia kusogea. Jumla ni 13. Gawanya sekunde moja kwa kiasi hicho, utaona diski haifiki hata safari 100 kwa sekunde.

Safari 100 zinaonekana nyingi mpaka ujue Windows inafanya nini inapowaka. Inafungua maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa kila pembe ya diski: madereva ya printa na sauti, fonti, orodha za mipangilio, kizuia virusi, vivinjari, programu ndogondogo ambazo kila mtengenezaji amezipachika zijiwashe zenyewe. Kila kipande kinadai safari yake, na programu hizo hazipangi foleni. Zinaomba kwa pamoja, mkono unakimbizwa huku na huku, na muda mwingi unakwisha njiani kuliko katika kusoma. Wakati huo wote prosesa, yenye uwezo wa kufanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde, imekaa bure. Ni kama mpishi hodari asiye na kitu jikoni, ambaye kwa kila kitunguu na kila chembe ya chumvi humtuma mtoto sokoni, akakaa kumngoja. Ukimfukuza mpishi huyo na kuajiri mwingine, chakula kitachelewa vilevile.

Jambo hili unaweza kulithibitisha mwenyewe bila kumlipa mtu. Washa kompyuta nzito, na mara tu sura ya Windows ikitokea bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utafunguka ukurasa unaoonyesha kila kifaa kinavyotumika. Tazama safu ya CPU, kisha tazama safu ya diski. Kwenye mashine ninazozizungumzia, prosesa huwa inacheza kwenye asilimia ndogo huku diski imesimama kwenye asilimia 100, na inabaki hapo dakika baada ya dakika. Huo ndio uchunguzi wote unaohitajika. Fundi anayekushauri ununue kompyuta mpya bila kukuonyesha ukurasa huo hajaipima mashine yako.

SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu za kumbukumbu, za ukoo mmoja na zile zilizomo kwenye flashi na kwenye kadi za simu. Aliyebuni kumbukumbu za aina hiyo ni mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, akiwa mfanyakazi wa Toshiba miaka ya 1980, na aina ya NAND inayotumika leo aliiwasilisha mwaka 1987. Ni watu wachache wanaomjua, ingawa kila mwenye simu janja anatembea na kazi yake mfukoni. Kwa kuwa hakuna kinachosogea, SSD inafikia kipande chochote kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya milisekunde, na inajibu maombi madogo makumi ya maelfu kwa sekunde. Hapo ndipo penye tofauti. Boksi lake limeandikwa kasi ya kusoma faili kubwa, MB 500 na zaidi kwa sekunde, ikilinganishwa na 150 hivi za diski ya zamani, na wanunuzi huitazama namba hiyo peke yake. Lakini kinachoharakisha kompyuta ni yale maombi madogo. Ndiyo maana hata mazabodi ya zamani yenye SATA (njia ya kuunganishia diski) ya kizazi cha pili, ambayo haipitishi zaidi ya MB 280 hivi kwa sekunde, inanufaika vizuri. Mtu akikwambia mashine yako ni ya zamani mno kufaidi SSD, muulize amepima nini.

Sasa, kwa nini SSD ya kuwashia tu, na si kubadilisha hifadhi yote? Kwa sababu ya pesa, na kwa sababu si kila faili linahitaji kasi. Windows, programu za ofisi, vivinjari na madereva ya printa kwa kawaida vinaenea ndani ya GB 80. SSD ya GB 240 inavibeba vyote na kubakiza nafasi. Picha za harusi, video, nyaraka zilizoskaniwa, mafaili ya wateja wa miaka iliyopita, hayo yakae kwenye diski ya zamani ya GB 500 iliyomo tayari. Video inasomwa mfululizo, na diski ya kuzunguka inaiweza bila shida yoyote. Mpangilio huu wa diski mbili unafaa sana kwa hali yetu: fedha kidogo zinakwenda pale tu penye maumivu, na hakuna kinachotupwa.

Nawafikiria hasa wenye steshenari. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapofika Tanzania, vijana hupanga foleni mlangoni wakiwa na vyeti mkononi, na wengi wao hawana kompyuta nyumbani. Kenya hali ni hiyohiyo kwenye saiba kila Juni inapokaribia tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. Katika vyumba hivyo kompyuta nzito ni hasara ya kila saa. Mteja mmoja anachukua muda wa wawili, skana inagoma kufunguka, ukurasa wa maombi unaisha muda kabla kiambatisho hakijapanda. Watu wanalaumu mtandao. Mara nyingi mtandao hauna hatia.

Kazi yenyewe ina mambo machache ambayo yakikosewa yanaharibu yote, nami nitakaa nayo kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumizwa.

Kwanza, nunua aina inayoingia. Kwa kompyuta za mezani za kabla ya mwaka 2014 hivi, chagua SSD ya inchi 2.5 yenye SATA, ile bapa ya umbo la pakiti ya karata. Zipo nyingine nyembamba kama ubani, za M.2, na baadhi yake ni za NVMe zenye kasi kubwa zaidi. Mazabodi nyingi za zamani hazina tundu lake, na hata ukiweka kadi ya kugeuzia, BIOS ya wakati ule, yaani programu ya mazabodi inayoanzisha kompyuta, haijui kuwasha kompyuta kutoka NVMe. Muuzaji asiyejali atakupa iliyo ghali zaidi na utarudi nayo siku ya pili. Nunua pia waya wa data wa SATA, kwa sababu SSD nyingi huuzwa bila waya, pamoja na kibati cha kushikizia kifaa cha inchi 2.5 kwenye nafasi ya inchi 3.5. Kibati kikikosekana, skrubu mbili zinatosha. SSD haitetemeki, wala haijali kulala au kusimama.

Pili, umeme wake. Kompyuta ndogo za ofisi zina vichwa vichache vya umeme wa SATA, na mara nyingi kimoja kimeshikwa na diski, kingine na kisomeo cha DVD. Ikiwa DVD haitumiki tena, na siku hizi ni wachache wanaoitumia, chomoa waya wake uupe SSD. Ikibidi kuongeza waya wa kugawa umeme, epuka zile za bei ya chini kabisa za kugeuza kutoka kichwa cha zamani cha pini nne, ambazo plastiki yake imemiminwa moja kwa moja juu ya nyaya. Zinajulikana duniani kote kwa kuungua.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kabla ya kupiga Windows kwenye SSD, chomoa waya wa diski ya zamani. Usiridhike na kuchagua diski sahihi kwenye skrini. Windows ikikuta diski mbili, inaweza kuweka kipande chake cha kuwashia kwenye diski ya zamani na kipande kingine kwenye SSD. Kompyuta itafanya kazi, fundi atalipwa na kuondoka. Mwaka ukipita diski ya zamani ikafa, au mtu akaitoa, SSD iliyo nzima kabisa haitaweza kuwaka peke yake. Nimeona mashine za namna hiyo zikiletwa zikisemwa kwamba SSD imekufa, kumbe haikuwahi kupewa kipande cha kuwashia. Waya mmoja uliochomolewa kwa nusu saa unaondoa tatizo hilo kabisa.

Kabla ya hapo, ingia BIOS uone kama SATA iko kwenye mfumo wa AHCI. Mashine za zamani zilizowahi kupigwa Windows XP mara nyingine zimeachwa kwenye mfumo wa zamani wa IDE, na hapo SSD inapoteza sehemu ya uwezo wake. Badilisha kabla ya kupiga Windows mpya. Ukibadilisha kwenye Windows iliyokwishapigwa bila kuiandaa, huenda isiwake.

Watu huniuliza kama ni bora kunakili diski yote ya zamani kwenda SSD au kupiga Windows upya. Mimi niko upande wa kupiga upya. Windows ya miaka sita imebeba uchafu wa miaka sita: virusi vilivyotokana na flashi za wateja, programu za kichina za kuharakisha kompyuta ambazo ndizo zinazoichelewesha, madereva ya printa zilizokwisha kuuzwa. Kuinakili ni kuuhamishia uchafu huo nyumba mpya. Kunakili kuna maana pale ambapo ndani ya mashine kuna programu maalumu, labda ya hesabu au ya maabara, ambayo CD yake na namba zake zimepotea. Clonezilla ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri, ila kwa kawaida haikubali kunakili kutoka diski kubwa kwenda ndogo. Lazima kipande cha Windows kwanza kipunguzwe kiwe kidogo kuliko SSD. Na kwa wanaohofia leseni: Windows 10 iliyosajiliwa kihalali inaitambua mazabodi, si diski, hivyo ukipiga toleo lilelile itajisajili yenyewe ikiunganishwa na intaneti.

Kazi ikiisha, zima kompyuta, rudisha waya wa diski ya zamani, kisha ingia BIOS upange SSD iwe ya kwanza kuwasha. Mafaili yote ya zamani yatakuwepo yalivyo, kwa herufi D au E. Folda za nyaraka na picha zielekeze huko, na Windows inaruhusu kuhamisha mahali pa folda hizo kutoka kwenye ukurasa wa sifa zake. Usiifute Windows ya zamani siku hiyohiyo. Iache wiki kadhaa, kwa sababu kuna faili ambalo mwenye mashine atalikumbuka baadaye tu, likiwa limehifadhiwa mahali pasipotarajiwa.

Kuna swali la uimara ambalo fundi mkweli lazima alijibu. Chipu za SSD huchakaa kwa kuandikwa, na watengenezaji hutaja kiwango chake. Kingston A400 ya GB 240, ambayo inajulikana sana madukani kwetu, imekadiriwa TB 80 za kuandikwa. Ofisi inayoandika GB 20 kila siku, na ni ofisi chache zinazofika hapo, itachukua zaidi ya miaka 10 kumaliza kiwango hicho. Hofu hiyo basi iwekwe pembeni. Hofu inayostahili ni nyingine. Diski ya kuzunguka ikikaribia kufa mara nyingi hutoa ishara, inagonga, inakwaruza, inachelewa kwenye faili moja. SSD inaweza kufa kimya, leo ipo na kesho BIOS haiioni, na kuyafufua yaliyokuwemo ni kazi ngumu na ghali, mara nyingi haiwezekani. Umeme wetu unaokatika ghafla hauisaidii, na SSD za bei ya kawaida hazina kinga ya ndani dhidi ya jambo hilo. Kwa hiyo nyaraka muhimu ziwe na nakala mahali pengine, na ofisi yenye kompyuta za mezani bila UPS inacheza na kazi yake, SSD iwepo au isiwepo.

Na hiyo diski ya zamani unayoibakiza, ipime kwanza. CrystalDiskInfo ni programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Ikitoa onyo, hamisha mafaili mapema, kwa sababu kuitunza diski inayokufa ati kwa ajili ya kubana matumizi ni kupanga hasara.

Bidhaa feki nazo zipo, nami sitaki kuzipitia juujuu. Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam kuna wafanyabiashara waaminifu wengi, na kuna maboksi yanayodai TB 2 kwa bei ya GB 120. Ndani yake huwa na chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Kompyuta inaonyesha TB 2, unaandika, inapokea, na baada ya ujazo halisi kujaa inaandika juu ya yaliyotangulia. Hugundui mpaka siku unapofungua faili la zamani. Kinga yake ipo na ni ya bure: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, hujaza diski nzima kisha kusoma upya na kulinganisha. Fanya jaribio hilo siku ya kununua, kabla ya kuweka chochote, na ukubaliane na muuzaji juu ya kurudisha kabla hujatoa pesa. Muuzaji anayekataa jaribio amekwisha kukujibu.

Sasa nirudi kwenye Windows. SSD haitaifanya prosesa ya mwaka 2012 ikubalike kwa Windows 11. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na huo ni muda wa kupumua, si suluhisho. Kwa maabara za shule na kwa mashine za kuandikia na kuvinjari, pendekezo langu ni Linux Mint. Ni ya bure, inapokea masasisho ya usalama, inakuja na LibreOffice, na juu ya SSD inakwenda vizuri hata kwenye mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Mwanafunzi anayejifunza kuandika barua, kutengeneza jedwali na kutafuta maarifa hahitaji zaidi. Kwenye ofisi zinazotegemea programu za Windows pekee, hesabu ni tofauti, na mashine zinazogusa fedha au taarifa za wagonjwa zinastahili kuwa za kwanza kubadilishwa. Hizo zibadilisheni. Lakini msizifanye kisingizio cha kutupa nyingine zote.

Wala SSD haiponyi kila uzito. Kompyuta yenye GB 2 za ramu itaendelea kusumbuka ukifungua kurasa nyingi za mtandao, na ongezeko la ramu hadi GB 8 ndilo jambo la pili la kufanya, hasa kwa kuwa ramu za DDR3 za mtumba zinapatikana kwa urahisi. Prosesa za Pentium za mwanzo wa miaka ya 2000 ziacheni zipumzike. Nazungumzia mashine za Core i3, i5 na i7 za kizazi cha pili kwenda juu, ambazo ndizo zimejaa kwenye stoo zetu, na kuziita takataka ni makosa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni namna taasisi zinavyofanya uamuzi huu. Bajeti ya kununua kompyuta mpya hupita kwa urahisi kwa sababu inaonekana: kuna zabuni, kuna mapokezi, kuna picha ya makabidhiano. Bajeti ya kununua SSD ishirini na waya ishirini haina picha ya kupiga. Matokeo yake shule inapata kompyuta mpya tano badala ya kufufua ishirini, na wanafunzi wanne wanakaa mbele ya skrini moja huku chumba cha pili kimejaa mashine zilizofunikwa. Walimu wa TEHAMA wanalijua hili, na wengi wao wangeweza kulifanya wenyewe kwa mikono yao, pamoja na wanafunzi, katika Jumamosi chache. Ungekuwa pia ufundi ambao kijana anaondoka nao.

Kisha zile zinazopelekwa mnadani huondoka na diski zake. Majina ya wanafunzi, mishahara, vipimo vya wagonjwa, nakala za vitambulisho, vyote vinauzwa kwa kilo. Kufomati haraka hakufuti kitu, huondoa orodha tu, na mtu mwenye programu ya bure anaweza kuyarudisha mengi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na zote mbili zinamtaka mwenye taarifa za watu azilinde. Taasisi inayotunza kompyuta zake inatunza pia taarifa hizo. Na inayolazimika kuziondoa inapaswa kuandika sufuri juu ya diski nzima, au kuitoboa, kabla haijapita getini.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa inavyopasa. Sehemu kubwa ya kilichobaki kinaishia kwenye moto na kwenye udongo, mara nyingi jirani na watu maskini. Kompyuta ya mezani ina risasi, ina plastiki zenye kemikali za kuzuia moto, ina betri. Kila mwaka inaoongezewa mezani ni mwaka ambao haipo jalalani.

Ombi langu kwa wakuu wa shule, wahasibu, maofisa ununuzi na wenye steshenari ni hili. Kabla ya kusaini hati ya kununua kompyuta mpya, ingieni stoo mchague ile iliyo nzito kuliko zote lakini inayowaka. Nunueni SSD moja ya GB 240, mwiteni fundi mnayemwamini, aifunge kwa utaratibu niliouandika hapo juu, na mpeni mtumishi mmoja aitumie kwa kazi zake za kawaida kwa wiki mbili. Yeye ndiye aulizwe. Akisema imepona, mnajua cha kufanya na zilizobaki. Akisema bado ni nzito, nunueni mpya, na SSD hiyo itolewe ikafungwe kwenye mashine nyingine yenye tundu la SATA.